Hundi Iliyoingia kwenye Sinia la Mahari

Waliokuwepo nyumbani kwangu Gongoni, hapa Tabora, Ijumaa ile ni hawa. Nawataja kwa udugu wao tu. Majina ninayo yote, na ya baba zao, lakini wengi wako hai, na jina la mtu likishaandikwa karibu na neno polisi halisafishiki hata kama mwenyewe hakufanya kitu.

Sebuleni, upande wa wanaume, alikuwepo shehe wa mtaa, aliyekuja kufungisha ndoa. Kulia kwake mwanangu wa mwisho, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Kanyenye. Yeye ndiye aliyekuwa walii, wa kumwozesha binti, kwa sababu bibi harusi ni binti wa kaka yake, mwanangu wa kwanza, aliyetangulia mbele ya haki mtoto akiwa darasa la pili. Mkabala nao alikaa bwana harusi, kijana wa Usinge, mkulima wa tumbaku. Pembeni yake mjomba wake, kaka wa mama yake, mwenye lori moja la kubeba tumbaku na mbao, aliyekuja badala ya baba mtu kwa kuwa baba anaumwa miguu. Karibu na pazia alikaa mshenga, fundi cherehani mzee, rafiki wa marehemu mume wangu. Waliobaki walikuwa majirani na watu wa msikitini, wanaume kumi na mmoja.

Chumbani, nyuma ya pazia, nilikuwepo mimi, na mjukuu wangu bibi harusi, na jirani yangu Mgogo ambaye ni mtani wangu, na wanawake wa mtaani waliokuja kupiga vigelegele na kula pilau.

Kwetu hapa, nasema nyumba hii na nyumba chache za jirani nilizozikuta nilipoolewa, mahari haipokelewi mfukoni. Inawekwa juu ya sinia la shaba, inafunikwa kitambaa kilichodariziwa, mshenga analipokea kwa wanaume na kulipitisha chini ya pazia. Bibi harusi anafunua, anagusa kilichomo, anasema nimepokea. Hapo ndipo vigelegele, na hapo ndipo shehe anaendelea. Sinia lile liliingia na mahari yangu, likaingia na mahari za mawifi zangu wote watano, na halijaingia tupu hata siku moja. Si sharti la dini. Shehe ametuambia hivyo mara nyingi, nasi tunamwitikia ndiyo shehe, kisha tunalisugua sinia kwa ndimu na majivu.

Siku ile, watu wameshakaa, mshenga akasogeza pazia kidogo akaninong'oneza.

"Mama, kuna neno."

"Sema."

"Watu wa Usinge wamekuja mikono mitupu. Tumbaku wameshauza, chama cha ushirika kinasema malipo wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo wameimbiwa tangu mwezi uliopita. Wanaomba mahari iwe ya baadaye. Shehe anasema inajuzu."

"Kama shehe kasema inajuzu, mimi ni nani? Lakini sinia je?"

"Sinia litasubiri, mama."

"Litasubiri kwako. Humu ndani haliingii tupu, wala halilali nje. Waweke kitu, watu wakione."

Mtani wangu akadakia pale pale. "Wanyamwezi bwana! Mmezoea kubeba. Hata mzigo usipokuwepo mtabeba sinia."

"Nyamaza wewe. Wazee wetu walipopita kwenu na misafara mliwatoza hongo mpaka ya maji ya kunywa."

"Na maji mlikunywa, na mimi nipo hapa nadai chenji."

Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini msimamo wangu nikaushika. Leo nikikumbuka, naona palikuwa na nafasi ya kunyamaza, na sikuitumia.

Upande wa pili nikasikia viti vinasogea, kisha sauti nzito ya mjomba mtu.

"Mama mkwe huko ndani, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye mwenye lori. Hapa nina kitabu cha cheki, huwa nachukulia matairi. Nitaandika cheki, ikae kwenye sinia, heshima yenu ibaki. Lakini nasema mbele ya shehe, na nyote mnisikie: huko benki sasa hivi hakuna kitu. Msiipeleke mpaka mimi mwenyewe niwaambie tumbaku imelipwa."

Sauti ya kiume ikajibu, "Tumekusikia, mjomba." Na mimi huku ndani nikasema, "Tumesikia."

Kijana mmoja akasema kumbe bado kuna watu wana cheki dunia hii ya simu, watu wakacheka. Mjomba akauliza aandike jina la nani. Mjukuu wangu hana akaunti ya benki, pesa zake ziko kwenye simu kama vijana wote. Pakasemwa liandikwe jina la baba mdogo, walii, kwa kuwa duka lake linapitisha fedha benki.

"Na tarehe?" mjomba akauliza. "Mimi naona niandike ya mbele. Mwezi wa kumi hivi."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. "Andika ya leo! Ndoa ya leo mahari ya mwezi wa kumi, imekuwa shamba la mihogo?"

Watu wakacheka tena, na mjomba, kwa adabu yake, akaandika tarehe ya siku ile. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Nilijua tarehe ni ya kukumbukia siku. Sikujua kwamba kwenye hundi tarehe ni mlango, na mtu akiandika ya leo amekuachia mlango wazi.

Sinia likaingia. Mjukuu wangu akafunua kitambaa, akakitazama kile kikaratasi, akakigusa kwa vidole viwili kama mtu anayejaribu pasi.

"Bibi, nimepokea nini hapa?"

"Umepokea neno la watu. Sema."

"Nimepokea."

Vigelegele vikapigwa. Mtani wangu akamwinamia akamwambia, "Mume wa karatasi huyo, mwanangu, usije ukamfua kwa maji ya moto."

Ndoa ikafungwa, wakaenda zao Usinge.

Malipo ya tumbaku hayakuja wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Cheki ilikaa kwenye droo ya duka la mwanangu. Nisimseme vibaya. Harusi ile aliibeba yeye: mchele, nyama, maturubai, usafiri wa wazee, vyote vilitoka kwenye mtaji wa vipuri, na hakumwambia mtu. Sasa mteja mmoja akamwambia kwamba cheki inachacha ikipita miezi sita, benki hawaipokei tena. Mwezi wa tano tangu harusi ukakaribia kwisha. Mwanangu akaichukua akaipeleka.

Nilikuwa nachambua mchele alipoingia.

"Shikamoo mama. Hao watu wako wamenidhalilisha."

"Marahaba. Watu wangu wepi?"

"Wa Usinge. Cheki imebaunsi. Dada wa dirishani kaniambia kwa sauti, baba akaunti haina fedha, watu wote wakanigeukia kama mimi ndiye niliyeiandika."

"Si alisema isipelekwe?"

"Alisema nani?"

"Mjomba mtu. Mbele ya shehe, mbele yetu sote."

"Mimi sikusikia neno hilo, mama." Akasimama. "Na polisi nimeshafika. Namba ya jalada hii hapa."

Alinionyesha kipande cha karatasi. Nilikiweka chini pamoja na mchele na sikuendelea kuchambua.

Siku ya tatu mjukuu wangu akapiga simu kutoka Usinge. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Bibi, mjomba kaitwa Tabora polisi. Kaacha kadi ya lori kama dhamana. Wamempa mpaka Ijumaa, akija bila hela wanamweka ndani."

"Na wewe huko vipi?"

"Mama mkwe hanisemeshi. Akitaka chumvi anaongea na kuku. Kuku, mwambie huyo binti wa polisi alete chumvi."

Nilitaka kucheka, nikamsikia analia.

"Bibi, mahari si yangu? Dini si inasema ni haki ya mwanamke? Sasa mbona mimi sijashtaki mtu?"

Hundi iliandikwa jina la baba yake mdogo, kwa mkono wa mjomba wa mumewe, kwa tarehe ya bibi yake. Mwenye mali alikuwa ameigusa kwa vidole viwili tu.

Basi Ijumaa ile nikavaa baibui langu zuri, nikampitia mshenga, tukaenda kituoni. Njiani aliniuliza, "Unakwenda kusema nini, mama?" Nikamwambia nakwenda kusema kilichosemwa. Akatembea kidogo, akasema, "Yule unayekwenda kumsemea siyo mwanao. Mwanao ndiye aliyeshtaki." Nikamwambia hilo ninalijua, nilimzaa mimi.

Tulimkuta mjomba amekaa kwenye benchi, kofia mkononi, amekonda. Mwanangu alikaa benchi la ukuta wa pili. Mpelelezi alikuwa binti, umri wa wajukuu zangu, alinipa shikamoo kwa heshima na akanivutia kiti karibu kwa sababu ya masikio yangu. Nilimwambia masikio yangu ni mazima, ni magoti.

"Bibi, siku ya hundi hiyo nani na nani walikuwepo?"

Nikaanza. Shehe, jina lake, la baba yake, la babu yake aliyekuwa na bustani ya maembe karibu na reli. Kisha watu wa msikitini, mmoja mmoja, na nyumba zao. Nilipofika wa tisa binti akaweka kalamu chini.

"Bibi, hii ni sensa?"

"Mwache, mwanangu," mshenga akasema. "Ukimkatisha anaanza upya."

Aliandika wote. Kisha akauliza alichosema mjomba, nikamwambia neno kwa neno kama nilivyoandika hapa juu. Akauliza, "Na huyu mlalamikaji, mwanao, alikuwepo maneno hayo yaliposemwa?"

Mwanangu alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Sikumtazama. Nilitazama mikono ya mjomba ikizungusha kofia, nikamfikiria mjukuu wangu huko Usinge anaagiziwa chumvi na kuku.

"Alikuwepo," nikasema. "Ndiye aliyejibu tumekusikia."

Binti aliandika, akanisomea, nikatia sahihi yangu ambayo ni herufi tatu. Kisha akamwita mjomba na mwanangu wasogee, akatueleza sote kwa Kiswahili cha kawaida.

"Hundi ikirudi, sheria inaanza na aliyetia sahihi. Sheria haijui sinia, haijui harusi. Mzee, hili deni ni lako na hulikwepi. Lakini kumfunga mtu kwa udanganyifu ni kitu kingine. Lazima ionekane kwamba alimdanganya huyu anayelalamika. Mtu akikwambia benki hakuna kitu, ukapokea hivyo hivyo, amekudanganya nini? Hapo limebaki deni la mahakama ya madai, kama mnataka kufika huko."

"Na tarehe?" nikauliza.

"Angeandika ya mbele, benki wangekwambieni tu siku haijafika. Nani alimwambia aandike ya siku ile?"

"Mimi."

Alinitazama, akafunga jalada taratibu. "Hilo halina kifungu, bibi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Lipo kosa la aliyeandika hundi, lipo la aliyepeleka, na mimi niliyekaa nyuma ya pazia nikitaka shaba isiingie tupu, la kwangu halina kifungu. Maana yake hakuna wa kunihukumu, na pia hakuna wa kuniambia limekwisha. Watu wa mji huu hupenda kusema kwamba zamani, zama za misafara, mali ilikwenda pwani na kurudi kwa neno tu, bila karatasi. Nami nimewahi kusema hivyo. Lakini marehemu mume wangu, ambaye babu yake alikuwa mpagazi, alinisimulia pia wale waliotupa mzigo porini wakatokomea, na waliokaa nyumbani wakingoja miaka. Neno nalo hurudi tupu. Tofauti ni kwamba neno ukilisema mbele ya watu, watu wanabaki nalo, na siku ya siku wanaulizwa. Karatasi haikumbuki aliyeandika alisema nini wakati anaandika. Imeandikwa kiasi na jina na tarehe, basi.

Tulipotoka nje, mwanangu alikuwa anatungoja kwenye jua. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mama, mimi nilikuwa nje."

"Nje wapi?"

"Barazani. Simu ya mzigo wangu kutoka Dar ililia, nikatoka kuipokea. Niliporudi mjomba ameshafungua kitabu anauliza aandike jina la nani. Hayo ya benki hakuna kitu sikuyasikia. Nimekwambia tangu siku ile, hukuniuliza nilikuwa wapi."

"Sasa nani alijibu tumekusikia?"

"Sijui, mama. Mimi siye." Akavaa miwani yake ya jua. "Mbele ya afande umeniita muongo. Sawa. Kesi imekwisha. Mimi nakwenda dukani."

Mshenga na mimi tulirudi nyumbani. Nilimuuliza mlangoni kwangu kama anakumbuka nani alijibu. Akasema yeye alikuwa ameshika sinia, macho yake yalikuwa kwenye sinia, na anadhani mwanangu alikuwa mlangoni, lakini mlangoni kwa ndani au kwa nje hawezi kuapa. Nikamfuata shehe. Shehe akasema alikuwa anaandika cheti, na mtu anayeandika cheti hasikilizi mengine.

Tumbaku ililipwa baada ya wiki saba. Mjomba alikuja mwenyewe na lori lake, na mjukuu wangu amekaa mbele pamoja naye. Walikaa sebuleni. Mjomba akamhesabia mjukuu wangu mkononi, siyo mwanangu, wala siyo mimi, na safari hii hakuna aliyetaja sinia. Mtani wangu peke yake alisema, "Haya, mume wa karatasi kapata nyama." Mwanangu aliitwa alete ile cheki. Aliileta, akampa mjomba bila kukaa. Mjomba akaichana vipande, akamwambia, "Yamekwisha, mkwe." Mwanangu akajibu, "Yamekwisha," kama anavyomjibu mteja aliyerudisha kipuri. Mjukuu wangu ananiambia siku hizi mama mkwe anaongea naye mwenyewe, kuku wamepumzika.

Lakini mwanangu, ambaye kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anapitia kwangu tunakula pamoja, sasa anapita mlangoni. Shikamoo mama. Marahaba. Umepata unga? Nimepata. Basi, nawahi dukani. Unga analeta, dawa za magoti analeta. Kukaa hakai.

Nami nimebaki na pazia. Majina ya watu kumi na mmoja nitakutajia nikiwa usingizini, lakini majina hayasemi nani alikuwa ndani saa fulani na nani alikuwa barazani. Nilisikia sauti, sikuona mdomo. Sauti ile niliijua kuwa ya mwanangu, kwa sababu ni sauti ya baba yake, nimeisikia maisha yangu yote. Au niliijua hivyo baadaye, pale kwenye kiti cha polisi, nilipoona kwamba neno lile moja ndilo litakalomtoa mjomba na kumpa mjukuu wangu chumvi yake kwa amani? Kama mwanangu hakusikia, basi aliyelalamika alikuwa na haki ya kulalamika, na mimi niliikata haki yake kwa herufi zangu tatu. Nimejiuliza hivyo nikiswali, nimejiuliza nikipika. Siku nyingine naisikia sauti kabisa, ni yake. Siku nyingine naisikia ni ya mwanamume yeyote tu.

Kwa hiyo nawaomba mliokuwepo. Mnajijua, na mimi nawajua. Wawili mmehamia Dar, mmoja yuko Urambo, mmoja Mungu amrehemu, waliobaki mko hapa hapa mtaani na mnanipa shikamoo asubuhi. Kama nimekosea mahali pa kukaa mtu, au nani alitangulia kusema, nisahihisheni, sitaona vibaya. Na kama yupo aliyemwona mwanangu akitoka na simu sikioni kabla mjomba hajasema lile neno la benki, au yupo ambaye ndiye aliyejibu tumekusikia kwa mdomo wake, asinionee huruma kwa uzee. Aje anigongee. Nitavaa baibui, nitarudi kwa yule binti kituoni nikaseme nilikosea, hata kama jalada limefungwa, kisha nitashuka Kanyenye kwa miguu yangu hii mpaka dukani kwa mwanangu, nikamwambie mbele ya wateja wake.